Mkono Uliopika Nyuma ya Pazia

Ni saa sita kasorobo mchana, na Teresa Navalayo amesimama miguu kando mbele ya sufuria inayomfika magotini. Kuni zinalia. Mwiko, mrefu kama mpini wa jembe, uko katika mkono wake wa kushoto, na mkono huo unasonga ugali kwa namna inayomfanya mtazamaji asahau njaa iliyomleta. Unasukuma, unakandamiza ukingoni, unageuza, unapumzika kidogo, unasukuma tena.

Hakuna bonge. Hakuna unga uliojificha. Anapoiepua sufuria, anaishika kwa ukanda wa kitambaa cha buluu, mwembamba, wenye alama ya fundo katikati. Ukanda huo una habari yake, nayo itakuja mahali pake.

"Wawili," inaita sauti ya wifi yake, Selpher, kutoka upande wa meza. "Mzee mlangoni, kijana ukutani."

Navalayo anapakua. Sahani ya mzee inatangulia, na juu ya nyama yake inakaa firigisi, ile ambayo watu wa hapa huiita imondo. Sahani ya kijana inafuata, bila firigisi. Selpher anazibeba zote mbili, na hakuna anayeuliza kitu. Kila mmoja amepewa kilicho chake.

Hii ni Hoteli ya Mama Nekoye, chumba kimoja cha mbao na mabati nyuma ya maduka ya soko la Kakamega. Ina meza nne, mabenchi manane, karai la kunawia na birika lililobonyea tumboni. Ofisi za mkoa zikifunga kwa chakula cha mchana, makarani na madereva hujibanza humo pamoja na wauza nguo na akina mama wa sokoni. Sahani ya ugali na mboga ni senti sabini. Ikiwa na kuku, ni shilingi mbili. Siku ya kawaida hutoka sahani arobaini, na siku ya soko huvuka sabini.

Jambo ambalo mgeni hawezi kulijua ni kwamba mpaka Aprili mwaka huu wa 1967, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumwona mpishi.

Kulikuwa na pazia la kaniki. Kulikuwa na kidirisha kilichotobolewa ukutani, upana wake sinia moja. Sahani zilitoka hapo moto, mikono iliyozisukuma ikarudi haraka kama imeumwa na siafu, na Selpher akazipokea. Kwa karibu miaka miwili, watu walisifu chakula cha mtu wasiyemjua. Dereva mmoja alikuwa akisema kwamba humo ndani kuna Mzungu aliyegoma kurudi kwao.

"Nilikuwa ninawasikianga wakicheka," anasema Navalayo, "na mimi ninacheka huku ndani, nimeziba mdomo na nguo. Lakini kutoka nje, hapana. Heri waseme ni Mzungu."

Alikuwa akiuficha mkono wake wa kushoto.

*

Navalayo ana umri wa miaka thelathini na moja. Alizaliwa karibu na Malava, katika nyumba ya watoto saba, na yeye peke yake ndiye aliyetoka na shoto. Mama yake hakulifanya kuwa jambo kubwa. Nyumbani alilima kwa mkono huo, akateka maji kwa mkono huo, na aliambiwa tu asimpe mtu mzima kitu nao wala asile nao mbele ya wageni.

Shule ndiyo iliyoupa mkono wake jina.

Watoto walikuja na chakula cha mchana kutoka nyumbani: viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha, maharagwe. Walikimimina chote katika kikapu kimoja, wakaketi duara chini ya ukuta wa darasa, kila mtu akatia mkono. Siku ya tatu ya shule, Navalayo, aliyekuwa na miaka saba, alisahau. Alitia mkono wa kushoto.

Mvulana mmoja mkubwa kidogo, jina lake Masinde, alisimama, akakiinua kikapu na kumwaga chakula chote mavumbini.

"Alisema chakula kimeingia chooni," anakumbuka. "Wenzangu wote walilala njaa siku hiyo kwa ajili yangu. Hapo ndipo waliponichukia. Si kwa sababu ya mkono. Kwa sababu ya viazi."

Walimpa jina la Kiluhya, ambalo ameomba lisiandikwe gazetini. Maana yake ni mtu anayelisha watu kwa mkono wa chooni. Walimwita hilo njiani asubuhi, wakamwita hilo mtoni, na hata kanisani walilinong'ona wakati wa sala. Saa ya kula alielekezwa nyuma ya vyoo vya shule, akae huko na kiazi chake, na mtoto mmoja alisimama zamu kuhakikisha hatoki.

Baadaye wakaleta kamba ya katani. Masinde ndiye aliyekuwa fundi wa mafundo. Mkono wa kushoto ulifungwa kiunoni asubuhi, ukafunguliwa jioni, na mwalimu alipowakuta wakiufunga alisema vizuri, wanamsaidia mwenzao ajifunze. Siku moja alijikwaa akikimbia mvua. Hakuwa na mkono wa kujikinga. Alitua kwa kidevu juu ya jiwe, na kovu lake liko pale mpaka leo, jeupe, refu kama punje ya mchele.

Alipofika darasa la nne aliacha shule. Nyumbani alisema anaumwa kichwa. Aliendelea kuumwa kichwa hicho kwa mwaka mzima, hadi baba yake akakoma kuuliza.

"Watu hufikiri ukitoka shuleni yameisha," anasema. "Hayaishi. Yanahama tu nawe."

Yalihama naye mpaka kwenye ndoa. Siku ya harusi yake, mwaka 1957, hakutia kitu mdomoni tangu asubuhi mpaka wageni wa mwisho walipoondoka, na watu wakamsifu kwa haya. Mumewe, Bramwel, ambaye sasa anatengeneza barabara katika Idara ya Ujenzi, anasema ilimchukua miaka miwili kugundua jambo moja.

"Siku hiyo nilikuwa ninakula, nikainua kichwa," anasema Bramwel, mtu mpole mwenye mabega ya mbeba mawe. "Nikajiuliza: huyu mke wangu, mimi nimewahi kumwona akitafuna? Nikafikiri, nikafikiri. Sijawahi."

"Ukafanya nini?" anaulizwa.

"Nilihamia jikoni. Nikamwambia, mimi nitakulanga hapa karibu na moto, nikiangalia ukuta. Wewe kula nyuma yangu. Tulikula hivyo kama mwaka mzima, tumepeana migongo. Siku moja nikasikia anasema, geuka."

Navalayo anainama kuchochea moto habari hiyo inaposimuliwa, na anafuta macho. Anasema ni moshi.

*

Wazo la hoteli lilikuwa la Selpher, dada yake Bramwel. Selpher ni mjane mwenye sauti inayofika ng'ambo ya soko bila kupandishwa, na aliijua siri ya jikoni kwa kaka yake: kwamba hakuna mtu kutoka Shirere, wanakoishi, mpaka mjini anayesonga obusuma, ugali wa huku, kama yeye.

"Mulamwa," alimwambia Navalayo, akitumia neno ambalo mawifi huitana huku, "unapika kama mtu aliyetumwa. Kwa nini tunakula peke yetu?"

"Watu wataona mkono."

"Watu wataona sahani. Mimi nitakuwa uso, wewe uwe mkono. Kwani mtu mmoja lazima awe na vyote?"

Navalayo alijaribu kwanza kupika kwa mkono wa kulia. Alijaribu wiki tatu. Ugali ulitoka na mabonge yaliyowafanya hata watoto wake waulize nani amekuja kupika. Basi likatungikwa pazia.

Bramwel aliuza baiskeli yake kwa shilingi mia moja na themanini. Fedha hizo zilinunua mabati, sufuria mbili kubwa na leseni ya mwaka wa kwanza. Tangu siku ile ya Agosti 1965, anatembea kwa miguu kutoka Shirere mpaka kazini na kurudi. Anapoulizwa kama baiskeli humjia akilini, anasema humjia mvua inaponyesha, lakini hoteli humjia kila siku.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulikuwa Selpher. Kwa Waluhya, kuku si nyama tu. Kuku mzima akiletwa mezani, imondo ni ya mwanamume mkubwa kuliko wote waliopo. Mwana haili akiwa na baba yake. Anaila siku baba yake akishazikwa, kwa kuwa sasa yeye ndiye mkubwa. Mpishi anayempa mwana firigisi mbele ya baba amemwambia mzee, bila kufungua mdomo, kwamba amekwisha kufa.

Na imondo ikishatua katika sahani isiyo yake, haihamishwi kutoka sahani hadi sahani kama mfupa wa mbwa. Aliyekosea ndiye anayerekebisha, kwa mkono wake.

Kwa hiyo Selpher hakutaja majina. Alitaja umri na mahali. Mzee mlangoni, kijana ukutani. Watatu, wote rika moja, aliyevaa kofia ndiye mkubwa. Navalayo alipakua gizani, na katika miezi yote hiyo hakuna imondo hata moja iliyopotea njia.

Siku moja, mwaka uliopita, sauti ya mteja mmoja ilipenya pazia.

"Leteni obusuma ya leo," ilisema, "na mwambieni mpishi asinionee huruma."

Mwiko ulisimama sufuriani. Miaka ishirini ilikuwa imepita, na sauti ilikuwa imenenepa, lakini Navalayo aliitambua kabla mtu huyo hajamaliza kucheka. Ilikuwa sauti iliyosema chakula kimeingia chooni.

*

Masinde sasa ni mkulima Lugari. Familia yao ilipata sehemu katika shamba lililokuwa la Mzungu, wakahamia huko na mahindi yao, na yeye alianza kuja Kakamega kufuata karatasi za shamba. Akija, hula kwa Mama Nekoye. Alizoea kuja pamoja na jirani yake mmoja kijana, wakaagiza kuku mzima wa watu wawili, na firigisi ikaenda kwa Masinde, kwa kuwa kati ya wawili hao yeye ndiye mkubwa.

"Kila akija mwiko ulikuwa unasimama," anasema Navalayo. "Nilimwambia Selpher: huyu ndiye. Selpher akataka kumwaga mchuzi mapajani mwake. Nikamwambia hapana, mpe chakula, alipe, aende. Lakini kusema kweli, kuna kitu kingine. Alikuwa anasifu. Anasema hajala ugali kama huu tangu azaliwe. Mimi niko nyuma ya pazia ninasikiliza, mkono huu umeshika mwiko, na ninataka aseme tena."

Huko nyumbani, wakati huohuo, kulikuwa na jambo jingine ambalo Navalayo analisimulia kwa sauti ya chini na bila kulipamba.

Mtoto wake wa kwanza, mvulana, hutumia mkono wa kulia. Wa pili ni Nekoye, msichana wa miaka sita, ambaye hoteli imepewa jina lake. Nekoye alipoanza kushika kijiti na kuchora mavumbini, alikishika kwa mkono wa kushoto. Januari ijayo anaingia darasa la kwanza.

Basi mama yake alichana ukanda kutoka katika vazi lake kuukuu la buluu, na kila jioni, kabla ya kula, aliufunga mkono wa kushoto wa bintiye kiunoni.

"Nilijiambia mimi nitafunga polepole, kwa upendo, kabla wao hawajaja na katani," anasema. "Nekoye hakulia. Aliniangalia tu. Afadhali angelia."

Selpher alikuta fundo hilo siku moja akalifungua. Jioni iliyofuata Navalayo akalifunga tena. Mawifi hao wawili, ambao hawakuwahi kugombana kwa sababu ya hoteli, walinuniana siku nne kwa sababu ya ukanda wa kitambaa.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nne, mvua za masika zimeanza. Selpher aliamka na homa iliyomlaza kitandani. Navalayo alitaka kufunga, lakini kuku watatu walikuwa wamekwisha kuchinjwa, na mbele ya mlango watu walikuwa wakikung'uta viatu.

Alifungua. Alisema kutoka nyuma ya pazia kwamba leo kila mtu ajichukulie sahani yake kidirishani. Watu walicheka, wakapanga mstari. Karani mmoja alisema sasa Mzungu ameanza kubana matumizi.

Kisha ile sauti ikaita: "Kuku mzima. Watu wawili."

Hakukuwa na Selpher wa kusema mzee yuko wapi. Navalayo alihesabu kama alivyozoea kuhesabu: Masinde na jirani yake kijana. Alipakua sahani ya kwanza, akaweka imondo juu, akaisukuma nje. "Yako, mkubwa," alisema. Akasukuma ya pili.

Aliyekuja na Masinde siku hiyo hakuwa jirani. Alikuwa baba yake, Mzee Mukhwana, aliyetaka kuja mjini mwenyewe kutia kidole kwenye karatasi za shamba zipate kwisha.

Navalayo anasema alijua kuna kitu kwa sababu ya ukimya. Hoteli iliyojaa watu ina mlio wake, na mlio huo ulikatika. Akasikia benchi likisukumwa nyuma. Akasikia sauti ya mtu mzima sana, tulivu, ikisema:

"Masinde, mwanangu, ulinizika lini? Ungeniambia, nami nije matangani."

Masinde aliinua mikono yote miwili kutoka mezani.

"Papa, ni makosa ya jikoni," alisema Masinde. "Mimi sijaigusa."

"Makosa ya jikoni yana mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi?"

Mzee alichukua kofia yake. Kama angeutoka mlango ule akiwa na jambo hilo kifuani, habari ingefika Malava kabla ya jua kutua, na kufikia siku ya soko hakuna mtu mwenye baba angekanyaga tena Hoteli ya Mama Nekoye. Navalayo aliona yote hayo mara moja: mabati, sufuria, baiskeli, miguu ya mumewe njiani.

Sufuriani kulikuwa na imondo mbili nyingine. Alichota moja kwa upawa, akaweka katika bakuli na mchuzi wake, akalisukuma pazia kwa bega na kutoka.

Alipita katikati ya meza bila kumtazama mtu, akapiga magoti mbele ya mzee. "Papa, unisamehe," alisema. "Sikukuona. Mimi ndiye niliyekosa." Akaweka firigisi katika sahani yake.

Ni hapo tu, mkono ukiwa bado hewani juu ya sahani, alipoona ni upi.

"Niliwaza, sasa yameisha kabisa," anasema. "Nimemzika mzee, halafu nimemlisha kwa shoto. Sikuweza hata kuurudisha. Uliganda pale."

Mzee Mukhwana aliutazama mkono. Akamtazama mwenye mkono. Wateja waliokuwepo wanasema alichukua muda mrefu, ingawa mmoja wao, muuza nguo kutoka Iguhu, anasema muda mrefu ule ni kwa sababu mzee haoni vizuri.

"Huu ndio unaopika?" aliuliza.

"Ndiyo, papa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Umenawa?"

"Umenawa, papa."

Mzee akaketi. Akaweka kofia juu ya goti. "Kule Bama wakati wa vita, tukipigana na Mjapani," alisema, akiwaambia watu wote, "tulikaa wiki tatu hatujui maji, na tulikula kwa mikono yote miwili, tena tulipopata chakula. Huu umenawa." Akamega ugali, akaubonyeza, akautia katika mchuzi. Akatafuna. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mwaka mzima unaniambia karatasi haziishi, karatasi haziishi. Leo pale ofisini wameniambia zilikwisha tangu Desemba. Nikajiuliza, karatasi gani hizi zinamnenepesha mtu. Sasa nimezionja."

Hoteli nzima ilicheka, na mlio wa sahani ukarudi. Mzee aliila imondo yake hadi mwisho, na kabla ya kunawa alimwambia Navalayo, aliyekuwa bado amepiga magoti: "Inuka, mama. Na usije ukapika kwa ule mwingine."

Masinde hakucheka. Alikuwa ameliona kovu la kidevuni.

*

"Nilimjua palepale," anasema Masinde, aliyekubali kuzungumza akiwa ameegemea gunia nje ya hoteli, akiizungusha kofia mikononi. "Lile kovu ni kamba yangu. Baba alikuwa vitani, alirudi mimi nimekwisha kuacha mambo hayo, hakuwahi kujua. Nilikula kwa huyu mama mwaka mzima. Nikakisifu chakula chake. Fikiria."

Alimwita kwa jina lake, Navalayo, si lile la shuleni. Alisema mbele ya baba yake kwamba ni yeye aliyemwaga viazi, na ni yeye aliyefunga katani. Mzee alichukua kofia yake. Alitoka nje, akamwacha mwanawe alipie chakula, na wote wawili waliondoka kuelekea Lugari wakiwa mmoja mbele, mmoja nyuma.

Wiki mbili baadaye Masinde alirudi na gunia la mahindi. Alilitua mlangoni, akasema ni la bure.

"Nilimlipa," anasema Navalayo. "Bei ya soko. Sikutaka mahindi ya msamaha. Nilitaka mahindi. Yalikuwa mazuri, makavu, nikamwambia alete mengine."

Tangu hapo, unga wa Hoteli ya Mama Nekoye unatoka shamba la Masinde. Je, amemsamehe? Navalayo anafikiri huku akipangusa meza.

"Mahindi yake nimeyakubali. Yeye, bado ninamzoea. Akiingia, mkono huu unakimbilia chini ya aproni wenyewe, mimi sijautuma. Halafu ninautoa. Zamani ulikuwa unabaki huko."

Jioni ya siku ile ya imondo, alirudi nyumbani Shirere na kumkuta Nekoye ameketi, ameunyoosha mkono wake wa kushoto tayari kufungwa, kama mtoto aliyezoea. Navalayo aliuchukua ukanda wa buluu akautia mfukoni. Asubuhi alikwenda nao jikoni. Ndio huo anaoshikia sufuria ya moto.

"Utafanya kazi mpaka uishe," anasema. "Ulimfunga mtoto wangu, sasa unanilinda nisiungue."

Pazia la kaniki lilishuka wiki iliyofuata. Wateja waliona haya kwanza, kama watu waliomkuta jirani akioga, kisha wakazoea. Watatu hawakurudi tena, na mmoja wao alisema wazi kwamba ni kwa sababu ya mkono. Navalayo anataja jambo hilo bila uchungu. Walikuwa wateja arobaini, anasema, wakabaki thelathini na saba, na siku hizi kuna wanaoleta wenzao kumwonyesha.

Anapopewa nafasi ya kusema la moyoni, hasemi habari ya Masinde. Anasema habari ya Selpher, aliyekuwa uso wake alipokuwa hana uso, na ambaye bado anaita mzee mlangoni, kijana ukutani, ingawa sasa Navalayo anawaona mwenyewe. Anamtaja Bramwel na baiskeli, na mwaka ule wa kula wakipeana migongo. Na Mzee Mukhwana, ambaye hutuma salamu kutoka Lugari na kuuliza kama ule mkono bado unanawa.

"Nimepewa watu," anasema. "Wengine hufungwa wasipate wa kuwafungua. Mimi nimepewa watu wengi kuliko waliokuwa kwenye lile duara."

*

Kufikia Desemba, fundi seremala atakuwa ameondoa ukuta wote wa kidirisha. Jiko litakuwa upande wa mlangoni, mtu akiingia amwone mpishi kwanza.

Lakini mpango ambao Navalayo anausema mara tatu kwa siku ni wa Januari. Siku ya kwanza ya shule atamwachia Selpher hoteli mpaka mchana, amchukue Nekoye kwa miguu, na wabebe kikapu cha viazi vitamu vya kutosha darasa zima. Atamwomba mwalimu ruhusa. Watoto wataketi duara, na Nekoye atagawa mwenyewe.

"Kwa mkono ule unaomjia," anasema, kabla swali halijaulizwa. "Kama kuna wa kukataa, akatae siku hiyohiyo, nikiwepo, viazi vikiwa vingi. Asilale mtu njaa kwa ajili ya mtoto wangu. Na mimi nitaketi nao hapo hapo nile."

Anafunika sufuria.

"Hilo ndilo gumu. Bado sijala mbele ya watu. Ninajifunza."

Saa nane na nusu, mvua ya Kakamega inaanza kupiga mabati, na wateja saba wanakwama ndani wakisubiri ikatike. Nekoye anatoka jikoni na sahani moja, anaiweka kwenye meza ya mlangoni, ile ya wazee. Mama yake anavua aproni, ananawa, anaketi kando yake. Dereva mmoja anageuka kutazama, na Selpher anamwambia aangalie mvua.

Navalayo anamega tonge kwa mkono wa kushoto. Amegeuka nusu kuelekea ukutani, nusu kuelekea kwa watu. Anakaa nalo kidogo, kisha analitia mdomoni na kutafuna.

"Geuka, Mama," anasema Nekoye, akiwa tayari ametia tonge la pili katika mchuzi.

Anageuka.